Jinsi ya kutengeneza filamu ya ulevi, kipigo na maisha ya mtaa hapa Kisumu kwa kama laki moja

Hii nakuandikia wewe ambaye una stori imekukaa kifuani, ya mzee wako ama ya jirani ama yako mwenyewe, na unataka kuifanya filamu lakini huna produsa, huna kamera ya maana, na mtu pekee amekubali kukusaidia ni beshte yako mwenye simu nzuri. Mimi nilianza hivyo hivyo, mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu. Filamu yetu ilikuwa ya dakika 24, tulishuti siku sita, ilikuwa ya dereva wa tuktuk anayekunywa, mke wake anayepigwa, na msichana wao wa miaka 12 ambaye ndiye anajua pesa ya hiyo nyumba iko wapi kuliko mtu yeyote. Mengi ya haya nilikosea kwanza ndio nikajua.

Kitu kimoja kabla tuanze. Filamu nyingi za mtaa unaziona zinafungua na mtaro, kisha chokora na chupa ya gundi, kisha mama analia, kisha mtaro tena. Mtu wa mtaa kama Obunga akiangalia hiyo anaona tu wamemwanika. Kwa hivyo kila hatua hapa chini nimeipima na swali moja, je, mwenye hii nyumba akiketi kuangalia atasema "huyu mtu namjua" ama atainuka aende?

Hatua ya 1: Andika hesabu ya pesa kabla uandike skripti

Hapa ndio nataka ukae sana. Chukua daftari, andika siku moja ya mhusika wako kwa shilingi. Tuseme dereva wetu, Otis, ametoka asubuhi na tuktuk ya mtu mwingine, jioni lazima apeleke pesa ya tajiri mwenye tuktuk, atoe ya mafuta, kitu kinabaki mfukoni tuseme mia tatu. Sasa hiyo mia tatu ina watu wangapi wanaingoja? Mama mboga ana deni, landilodi amefunga choo cha ploti juu ya wapangaji wawili na Otis ni mmoja wao, mtoto ameitishwa pesa ya mtihani, sukari ni ya kupima, mafuta ya kupika ni ya kupima, omena ni fungu. Na njiani kutoka steji mpaka nyumbani kuna mama pima, yule wa kuuza chang'aa, na mama pima anakopesha.

Ukishaandika hivyo utaona stori imejipanga yenyewe, kwa sababu ulevi kwa nyumba maskini unaonekana kwanza kwa hesabu kabla uonekane kwa mdomo. Mtoto anajua baba amekunywa ngapi akiangalia tu mkate haukuja. Sisi tulipata sini yetu nzuri kabisa hapo, msichana anaficha noti ya mia mbili ndani ya kiatu cha shule, asubuhi anavaa kiatu anasikia mguu uko laini kote, hakuna kitu, na babake amekaa kwa stuli anamwangalia. Hakuna mtu anaongea.

Pia jua mwili wa mlevi unafanya kazi aje, usikisie. Mtu aliyezoea pombe kila siku akikaa bila, kutetemeka kunaweza kuanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho, anatoka jasho, hawezi lala, roho inadunda, na wengine wanapata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kuna wenye wanachanganyikiwa wanaanza kuona vitu hazipo, hiyo huja kama siku ya pili mpaka ya nne, na inaua. Ndio maana glasi ya asubuhi, ile ya kutoa loki, yaani kutuliza mtetemo, si ya starehe, ni ya kufanya mkono ushike usukani. Muigizaji wako akijua hivyo ataishika hiyo glasi na mikono miwili bila wewe kumwambia. Na tafadhali sana, usiandike mlevi wa miaka kumi anayeombewa usiku mmoja anaamka mzima anaenda kazi. Kuna mtu ataangalia filamu yako aende nyumbani amfungie ndugu yake chumbani bila daktari, na huyo ndugu anaweza kufa.

Kama stori yako ni ya gundi ama heroini basi uanze upya kujifunza, kwa sababu kila moja ina tabia yake. Gundi inashika haraka na inaisha haraka, ndio maana kijana hatoi chupa mdomoni, na ngozi kuzunguka mdomo inatoka vipele. Heroini ikikosekana, ile watu wa Pwani wanaita arosto, mtu anapiga miayo, pua inatiririka, anashikwa na vipele vya baridi na jua liko juu, tumbo linamkata. Usichanganye.

Hatua ya 2: Enda ukae na watu

Bila kamera. Mimi nilikaa kama wiki tatu, naenda kwa mama mmoja anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki, nanunua, nakaa, naongea. Usitoe simu kurekodi mtu bila kumwambia, na ruhusa ya mtu amelewa si ruhusa, rudi asubuhi akiwa sawa umuulize tena, wengi watakuambia hapana na hiyo hapana uiheshimu. Stori ya mtu usiichukue nzima nzima, badilisha kazi, badilisha idadi ya watoto, badilisha mtaa, kwa sababu Nyalenda ni ndogo na watu watajua ni nani kabla dakika ya tano iishe.

Tafuta mtu mmoja ameacha pombe kitambo na mtu mmoja mshauri anayeshughulika na hawa watu, wasome skripti, uwalipe hata kama ni kidogo. Yule wetu alitoa mistari kama kumi akisema "hakuna mlevi huongea hivi, huyu ni mwalimu".

Hatua ya 3: Skripti

Kurasa 24 ni kama dakika 24, ukizidi hapo pesa yako haitoshi. Maeneo yasizidi manne. Sisi tulikuwa na chumba kimoja cha mabati, kiwanja cha ploti, steji ya tuktuk na kwa mama pima, basi.

Lugha acha iwe ile watu wanaongea. Nyumbani kwa hao watu ni Dholuo, steji ni Kiswahili na Sheng, na chifu akija kila mtu anajaribu Kiswahili sanifu. Andika mistari halafu umpe muigizaji aseme kwa mdomo wake, chenye atabadilisha ubadilishe kwa karatasi. Maandishi ya chini ya kutafsiri utaweka baadaye, kwa hivyo panga fremu ukijua sehemu ya chini itakaliwa.

Sasa kuhusu kipigo. Nilikuwa nimeandika sini ya mwanaume anampiga mke wake kurasa mbili, ngumi na ukuta na kila kitu. Dada mmoja aliyeigiza kama jirani akaniuliza, wewe ukiwa mtoto uliona ama ulisikia? Nilisikia. Kila mtu wa ploti ya mabati anasikia, ukuta ni karatasi. Tukaifuta sini yote, tukaweka kamera nyumba ya pili. Jirani anapika, anasikia kitu kimeanguka, anasikia sauti, anasimama na mwiko mkononi, halafu anaenda kwa redio anaongeza sauti. Hiyo ndiyo kipigo chetu chote, na haikutugharimu hata shilingi. Otis mwenyewe usimfanye shetani pia. Yule anayepiga Ijumaa ndiye anakuja Jumapili na nyama imefungwa kwa gazeti, anacheka na watoto, anarekebisha mlango. Usipoonyesha Jumapili hakuna mtu ataelewa kwa nini mama anabaki. Onyesha pia vitu vinavyomfungia hapo, kodi, simu iko kwa bwana, wazee walishakaa kikao wakamwambia arudi nyumbani avumilie.

Akienda polisi, fanya kazi yako vizuri. Kuna fomu ya P3, ile ya kuonyesha majeraha, inajazwa na daktari, na haiuzwi. Kuna sheria ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu 2015, mahakama inaweza kumpa amri ya ulinzi. Mwanamke ambaye hajui haya yote anaweza kujua kupitia sini ya dakika moja, lakini usiweke mtu anahutubia, weka karatasi mkononi.

Hatua ya 4: Ruhusa

Hii watu wanaruka halafu wanalia. Filamu unayotaka kuonyesha watu ama kuuza inahitaji leseni, hiyo iko kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na kuna Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, ile watu wanaita KFCB, waulize leseni inatolewa na ofisi gani. Uliza mapema kuhusu ada na nani anaweza kukuombea, usiulize siku ya kushuti.

Baada ya hiyo, mtaani kuna ruhusa zenye haziandikwi kwa sheria lakini bila hizo hushuti. Enda kwa chifu na barua, enda kwa mzee wa mtaa, wajulishe watu wa Nyumba Kumi, mwone landilodi, halafu wapangaji mmoja mmoja kwa sababu landilodi kukubali si wao kukubali. Ukifika kwa mzee keti kwanza, salimia, sema umetoka wapi na wazazi wako ni nani, ndio ueleze. Mimi siku ya kwanza nilienda na karatasi mkononi nimesimama mlangoni, mzee akaniambia rudi kesho.

Mtoto anahitaji ruhusa ya mzazi iliyoandikwa, na shule isiumie, shuti likizo ama wikendi. Drone achana nayo, inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hata hivyo picha ya mabati kutoka juu imeshachosha.

Hatua ya 5: Pesa

Yetu ilienda hivi. Chakula cha watu 12 siku sita, mia mbili hamsini kwa kila mtu, hiyo ni 18,000, na tulipea chama cha akina mama wa hapo hapo wapike. Waigizaji wanne, mia nane kwa siku, 19,200. Watu watano wa nyuma ya kamera, mia nane hiyo hiyo, 24,000, na mimi nikiwa ndani, hakuna dairekta wa bei yake. Nyumba na kiwanja 6,000. Usafiri 7,000. Maiki na taa 9,000. Propu, yaani vitu vya kuigizia, na mekapu 3,000. Hard disk na memori kadi 7,000. Pesa ya dharura 10,000, na iliisha yote. Jumla 103,200, leseni haimo.

Ukikosa, punguza siku, usipunguze chakula. Na lipa kila jioni. Kama kuna mtu kwa timu anapigana na pombe, muulize kwa siri angependa pesa yake ije aje, wengine watakuambia tuma kwa M-Pesa ya mama yangu.

Hatua ya 6: Waigizaji, na hasa mtoto

Vijana wa michezo ya kuigiza ya shule na kanisa wako wengi Kisumu, wanajua kukariri, shida yao ni wanapiga kelele kama wako kwa jukwaa. Waambie waongee kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Mtu ambaye ameacha pombe usimweke kwa sini ya kunywa hata kama anajitolea, hata kama glasi ina maji. Ile harufu ya kwa mama pima peke yake inatosha kumrudisha. Mpe kazi ingine.

Mtoto hakuwa kwa chumba tukishuti sini yoyote ya fujo, hakusikia, hakuona. Uso wake tulishuti siku ingine kabisa, mama yake amekaa hapo kando, tulimpa njiti za kiberiti azihesabu polepole na akifika ishirini aanze tena. Hakuna zaidi ya hiyo. Ukiweka huo uso baada ya redio kuongezwa sauti, mtazamaji anamaliza mwenyewe. Usijaribu kumliza mtoto kwa kumkumbusha mambo ya kwao, hiyo ni kumuumiza na hakuna filamu inahitaji hivyo.

Hatua ya 7: Kamera na mwanga

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hivyo weka simu fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo balbu zitacheza cheza kwa picha. Funga mwangaza na rangi, usiachie simu iamue kila mtu akigeuka. Weka simu kwa hali ya ndege, kwa sababu kuna siku nilipigiwa na shangazi katikati ya shoti nzuri kuliko zote. Ukishuti 4K tegemea kama MB 170 mpaka 350 kwa dakika moja, basi 1080 inatosha kama nafasi ni shida. Kila jioni nakili kazi mahali mbili na zilale nyumba tofauti.

Ndani ya nyumba ya mabati mwanga ni mlango. Mweke muigizaji aangalie mlango, upande wa giza weka manila nyeupe irudishe kidogo. Zile tundu za misumari zinatoa nyuzi za mwanga saa tatu saa nne asubuhi, zitumie, hakuna taa ya kununua itakupa hiyo. Usiku balbu moja ya LED ya manjano ama nyangile, ile taa ya mafuta ya mkebe, kwa meza, lakini moto ndani ya mabati na blanketi zimening'inia uwe na ndoo ya mchanga na mtu kazi yake ni kuiangalia. Nje, jua la hapa linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na giza linaingia haraka, ukitaka ule mwanga wa dhahabu una kama nusu saa, fanya mazoezi kabla.

Na ushushe kamera. Watu wakiwa wamekaa kwa stuli, kamera ikae kwa stuli.

Hatua ya 8: Sauti

Picha mbaya watu wanavumilia, sauti mbaya wanatoka. Nunua maiki ndogo mbili za kubana kwa nguo, ziingie kwa simu za watu wengine zikae mfukoni mwa muigizaji, piga makofi mara moja mwanzo wa kila shoti ili uzipange baadaye.

Adui wako Kisumu ni mvua ya mchana. Asubuhi jua kali, saa tisa wingu limetanda, mabati yanapiga ngoma na mazungumzo yamekwisha. Sini zote za kuongea ndani shuti kabla ya saa sita. Mchana fanya za nje, za bila maneno. Wikendi uulize kama kuna matanga karibu kwa sababu muziki utapiga mpaka asubuhi, na Jumapili sahau, kanisa ziko kila kona. Ning'iniza blanketi nyuma ya kamera zipunguze mwangwi. Kila chumba, kabla mtoke, kila mtu anyamaze dakika moja urekodi ukimya wake.

Hatua ya 9: Propu

Chang'aa ni maji tu, rangi ni ile ile, shukuru. Busaa ni uji mwepesi wa wimbi. Gundi ni uji mzito na asali kidogo. Damu ni sharubati, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo isiwe nyekundu sana. Jicho lililopigwa lina kalenda yake, siku ya kwanza jekundu limevimba, ya pili ya tatu zambarau, wiki ikikaribia linakuwa kijani halafu manjano. Piga picha ya mekapu kila siku, sisi jicho la mama lilipona Jumanne likarudi zambarau Jumatano na tukalazimika kukata sini.

Hatua ya 10: Kuhariri

Programu ya DaVinci Resolve iko ya bure na inatosha kama kompyuta ina nguvu kiasi. Kata wewe mwenyewe mara ya kwanza, halafu kaa wiki bila kuifungua. Muziki usichukue wa mtu. Tafuta mzee wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, mlipe, muandikiane karatasi, na usimweke kila mahali, sisi alipiga mara mbili pekee.

Hatua ya 11: Kuonyesha

Peleka KFCB ipate daraja la umri. Usiweke YouTube haraka kwa sababu tamasha nyingi hazitaki kitu kimeshaonekana. Kuna ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, kuna Slum Film Festival iliyoanza Nairobi 2011, uliza kwanza kama bado ipo, na ukipata tuzo ama usipate, mtaa uone kwanza kabla ya wageni.

Sisi tulionyesha kwa kiwanja cha ploti, shuka jeupe na projekta ya kukodi. Mwisho wa filamu tuliandika kwa herufi kubwa zikakaa dakika nzima: NACADA (ulevi na dawa za kulevya) 1192, ukatili wa kijinsia 1195, watoto 116, zote ni za bure kupiga. Mshauri wetu alikaa nyuma karibu na mlango, hatukumtangaza kwa kelele, tulisema tu yuko, na watu watatu walienda kuongea naye gizani. Usiwashe kamera kuuliza watu wamehisi aje. Leta flashi, kila aliyeigiza aondoke na nakala yake, na viti vya mbele wape wenye nyumba mlizotumia.

Mama mwenye kile chumba chetu hakusema chochote mpaka watu walipoanza kukunja viti, ndio akauliza kama tunaweza kurudisha pale pazia lake linaonekana na mwanga wa asubuhi. Tukairudisha.